Ziwa Lililopakwa Kijani

Kitu cha kwanza kilichonitia kinyaa kwa mchora ramani wetu kilikuwa ulimi wake. Alikuwa na tabia ya kulamba brashi. Anachovya kwenye rangi, anapaka, kisha anaitia brashi mdomoni na kuizungusha mpaka ncha ichongoke, halafu anachovya tena. Asubuhi midomo yake ilikuwa ya buluu, mchana ya kijani, na saa ya kula alikuja kwenye meza yangu kuniomba karatasi, anacheka na meno yale, na mimi ambaye ndiyo kwanza nimefungua bakuli langu la sombe nilifunika na kusema nimeshiba. Shiba gani! Njaa ilikuwa inaniuma mpaka natetemeka.

Nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika biro, yaani ofisi, ya ardhi na maji pale Kindu, miaka ile ya Zaire, tulipokuwa sote masitwayen, yaani raia, wanaume wamefungwa ndani ya koti la abakosti na tai imekuwa kosa la kukupeleka gerezani. Biro yetu ilikuwa nyuma ya stesheni. Treni ikiingia kutoka kusini ukuta ulitikisika, naye aliinua brashi juu, akangoja mabehewa yote yapite, ndipo akaendelea na mstari wake. Na nyumbani pia tulipakana, katika kambi ya watu wa reli, kwa sababu baba yangu alikuja na reli kutoka Kasai na nyumba ikabaki kwetu. Kwa hiyo mtu huyo nilimwona asubuhi, nilimwona mchana, nilimwona jioni anamwagilia maua yake. Simtaji jina. Jina lake wanalitumia watoto wake, nao hawajanikosea kitu.

Kwa usafi hakuwa na mwenzake. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha tena. Akipanda baki kuvuka mto Lualaba alitoa leso, akafuta ubao, akakunja leso upande wa ndani, ndipo akakaa. Hakula kwa watu. Ukimkaribisha alishika tumbo na kusema daktari amemkataza, na sote tulijua hakuna daktari aliyemkataza kitu. Mtu anayelamba rangi ya Leta, mali ya serikali, kutwa nzima, eti anaogopa ugali wangu!

Nisimsingizie, alikuwa na wema wake. Kwenye kilio alifika wa kwanza, akabeba viti, akakaa mpaka mwisho, na machozi yake yalitoka upesi kuliko ya wajane wenyewe. Binti yangu Kapinga alipokuwa anashindwa shuleni, yeye ndiye aliyemfundisha hesabu za kipimo: namna gani kidole kimoja kwenye karatasi kinaweza kuwa safari ya kutwa kwa miguu. Alimfundisha kwa subira, bila kupiga, bila kutaka shukrani. Ndiyo maana inaniuma. Mtu mbaya tangu mwanzo hatii kinyaa, unampita tu.

Na uoga, je? Hapo ndipo ananichanganya mpaka leo. Siku moja aliingia mwanajeshi bironi, amelewa lotoko, akavuta kiti, akatupa mabuti yake juu ya meza, juu ya karatasi kubwa iliyokuwa haijakauka. Sisi wote tulitazama chini. Mchora ramani alisimama, mwembamba vile, midomo ya kijani, akamwambia, "Toa miguu." Yule akacheka. "Nasema toa miguu! Hii njo kazi ya mutu!" Akamshika buti kwa mikono miwili na kulisukuma. Mwanajeshi alishangaa hata akasahau kumpiga, akatoka anatukana mama zetu wote. Kwa ajili ya karatasi alikuwa simba. Tulimsifu sana siku hiyo, hata mimi nilimpigia makofi.

Jumamosi vilevile, tulipokuwa tunapelekwa kucheza ngoma za Chama uwanjani, mama wazima tunatikisa viuno jua kali na kuimba sifa, yeye alisema magoti yake mabovu, akakaa. Hawakumfanya kitu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakujua kusema hapana.

Kazi yake aliijua, hilo sibishani nalo. Alikuwa amesomeshwa Kinshasa namna ya kusoma picha zinazopigwa na satelaiti, kile chombo kinachozunguka juu kabisa ya mawingu. Huko walimpa kwanza picha za Ruwenzori. Alirudi anatusimulia kwamba katika nchi yetu hii hii kuna milima yenye barafu, na barafu ile ikishuka inasukuma mawe na udongo mpaka inakuwa ukuta, na nyuma ya ukuta maji yanakusanyika yanakuwa ziwa. Tukacheka. Barafu tuliijua ya friji ya baa. "Chekeni," alisema. "Ukuta ule haukujengwa na fundi. Siku moja unaachia, na ziwa lote linashuka kwa watu." Kazi ya wataalamu ilikuwa kuyatafuta maziwa yale kwenye picha, kuyapima mwaka huu na mwaka ule, kuona lipi linakua na nani anaishi chini yake. Alikuwa akirudia kila mara: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mto, alisema, unausikia ukija. Ogopa maji yaliyonyamaza juu ya kichwa chako.

Kwetu Maniema hakuna barafu, lakini alipoanza kuchungulia picha zetu kwa lupa, kile kioo cha kukuza, aliona madoa meusi mahali ambapo ramani za zamani hazikuwa na maji. Kwenye picha zile maji hutoka meusi. Akauliza wazee wa migodi, akapata jibu. Kampuni moja ya bati, iliyokwisha kufunga na kwenda zake, ilikuwa imejenga kuta za udongo juu ya vilima ili ipate maji ya kuosha mchanga. Watu waliondoka, kuta zikabaki, mvua ikaendelea kunyesha. Maziwa ya Ruwenzori, basi, yalikuwa na ndugu zao upande wa Punia na upande wa Pangi. Na moja, upande wa Pangi, lilikuwa juu kabisa ya kijiji alichoolewa yaya yangu Ngalula, dada yangu mkubwa.

Alikwenda kuliona mwenyewe kwa pikipiki. Alirudi na matope mpaka kifuani, yeye asiyeweza kuvumilia vumbi la kiti, akaja moja kwa moja kwangu kabla hajaoga. "Mama Kapinga," alisema, "ule mufereji wa kutolea maji umezibwa na magogo. Na ukuta, upande wa inje, unatoka jasho." Nikamuuliza jasho gani. Akasema maji yanapenya ndani ya udongo, yanatokea upande wa pili kidogo kidogo, na ukuta wa namna hiyo hauna maisha. Akanionyesha picha mbili za miaka miwili, na kweli, lile doa lilikuwa limenenepa. Alichora duara jeupe juu yake. "Yaya yako iko hapa," akasema, akaweka kidole chini ya duara. Nilimshika mkono kwa shukrani. Kwa mkono wangu huu huu, jamani.

Nilikwenda Pangi kwa lori kumwambia yaya. Nilimkuta anapanga samaki juu ya moto, samaki wanene wa ziwa lile lile, maana watu wa bondeni walilipenda, liliwalisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yaya Ngalula hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Unataka nihame niende wapi, mudogo wangu?" alisema. "Mashamba nitayabeba ku kichwa? Leta njo ilete mashini, watoe ile magogo, maji ishuke polepole. Ni kazi ya siku moja kwao." Wanaume wa kijiji walisema hivyo hivyo. Wakakubaliana kwamba kapita wao, mkuu wa kijiji, ataingia Kindu mwenyewe kuomba. Nilirudi na moyo mwepesi, kwa sababu mtu wa kumwomba alikuwa jirani yangu, na alijua kila kitu.

Kabla kapita hajafika, alifika Komisere, mtawala wa eneo lote. Kulikuwa na sherehe ya Chama inakuja, na mkubwa huyo alitaka ramani kubwa ya kupamba ukumbi, ramani ya kisasa, iliyotoka mbinguni kama alivyosema. Mchora ramani alitandaza mezani picha zake. Sasa picha zile haziko kama jicho letu linavyoona: pori lenye afya linatoka jekundu. Maniema yote ilikuwa nyekundu kama nyama buchani. Komisere alirudi nyuma hatua moja.

"Nani alipaka inchi yetu rangi ya wakomunisti?"

"Hapana mutu, sitwayen Komisere. Mashini njo inaona vile. Pori inatoka nyekundu."

"Mashini ya nani?"

"Ya Amerika, sitwayen Komisere."

Komisere alifikiri. Wasaidizi wake wakafikiri pia. "Amerika ni rafiki yetu," alisema. "Rafiki hawezi kutupaka nyekundu. Wewe njo ulikosea."

Nani angecheka? Mimi nilikuwa nimeuma ulimi mpaka machozi yananitoka. Akaamuru pori lote lipakwe kijani, kijani cha bendera, si kingine. Kisha akaona yale madoa meusi, na lile duara. "Na hii? Bendera yetu iko na ukoma?" Mchora ramani akasema ni maji. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pengine ni hatari. Komisere alikuwa amekwisha kugeukia mlango. "Toa," alisema. Hakutishia. Hakutaja gereza wala fimbo. Neno moja tu, kama mtu anayemwambia mtumishi aondoe sahani.

Na yule simba wa karatasi, aliyemsukuma mwanajeshi buti, akachukua brashi. Alipaka siku nyingi. Alipaka vizuri, hilo ndilo lililonichefua: hakupaka kama mtu aliyelazimishwa, alipaka kwa upendo, tabaka juu ya tabaka, analamba, anapaka, anarudi nyuma kutazama. Nilimwuliza, "Na ziwa la yaya?" Akanijibu bila kugeuka kwamba ramani ile ni ya ukutani tu, ya kweli iko kichwani mwake. Nilipokwenda kutazama, pale juu ya kijiji palikuwa pori zuri, limepigwa hata kivuli. Sherehe ikapita, watu wakapiga makofi, Komisere akampa mkono. Halafu ramani ikatundikwa bironi kwetu, na kwa sababu Komisere aliisifu, hakuna aliyethubutu kutumia nyingine.

Kapita alifika wakati mvua zinaanza. Mzee mfupi, miguu imevimba kwa safari, kofia mkononi, na kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi, maana mkono mtupu haulambwi na kwa watu wa Leta kila mtu alilijua hilo. Alisalimu wote, akaniletea salamu za yaya, kisha akasimama mbele ya mchora ramani.

"Sitwayen, tunaomba Leta itusaidie kufungua ule mufereji. Ziwa imejaa mpaka ku mudomo."

"Ziwa gani?"

"Ile ya kule juu. Wewe mwenyewe ulifika na pikipiki. Tulikupa na kuku."

Mchora ramani alisimama, akaenda ukutani. Mkuu wa biro alikuwa ameacha mlango wake wazi, anasikiliza, na sote tulijua anasikiliza. "Kwa ramani ya Leta," alisema, "pale ziwa haiko. Angalia mwenyewe. Pori."

Kapita alicheka. Alidhani ni utani wa watu wa mjini, akangoja na wengine wacheke. Hakuna aliyecheka. Basi akainua kikapu. "Na hii samaki ilitoka mu pori?"

"Samaki iko fasi yote," alisema mchora ramani, yaani kila mahali. Na akapokea kikapu! Mungu wangu, alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka chini ya meza yake.

"Muzuri," alisema kapita, sasa bila kucheka. "Basi tutachimba sisi wenyewe."

"Musiguse! Ule ukuta ni mali ya Leta. Mutu akiugusa, ni gereza."

"Kumbe ukuta iko, lakini ziwa haiko?"

"Njo vile."

Nilisimama mimi. Kiti kikaanguka. Nikasema mbele ya wote, mlango wa mkuu ukiwa wazi, "Uliniambia mwenyewe ukuta unatoka jasho! Uliweka kidole pale yaya yangu anakaa!" Alinitazama kwa macho ya huruma, macho yale yale ya kwenye vilio. "Mama Kapinga," akasema, "piga mashini yako." Mkuu wa biro akatoka, akauliza kama nimechoka kazi. Kapita alivaa kofia yake akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamwambia wachimbe, gereza baadaye. Akasema watu wanaogopa, lakini atajaribu kuwaambia.

Jioni ile harufu ya samaki ilivuka ua. Mtu asiyekula kwa watu, anayechemsha maji mara mbili, alikuwa anakula samaki wa ziwa alilolifuta. Alikula anasikiliza redio, namwona kupitia matete ya ua. Na mke wake, maskini, ambaye hakujua lolote, aliniletea sahani. Nilimpa paka. Hata yule paka nilimchukia. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi nilikuwa nikilisema neno hilo tangu utoto bila kujua linavyonuka.

Ukuta uliachia mvua zile zile, mchana, watu wakiwa bondeni mashambani. Watoto wa yaya waliokoka kwa kuwa shule ya misheni iko kilimani. Habari iliingia Kindu na dereva wa lori, nami niliondoka na nguo niliyovaa. Sitasimulia yote. Njia ilikatika mbali, nikatembea. Mashamba ya mihogo hayakuwa mashamba, yalikuwa uji wa udongo mwekundu na magogo, na katikati yake wale samaki wanene wamelala na matumbo juu, nzi wamewajaa. Kapita alikuwa anatembea juu na chini akiita majina. Mume wa yaya hatukumwona. Yaya tulimwona.

Chama kilileta vitenge vya sherehe, vilivyobaki, vikagawiwa kwa wafiwa. Na kwenye kilio, nyumbani kwetu Kindu, nani alifika wa kwanza? Alibeba viti. Alipanga viti. Alikaa mpaka mwisho, akalia kuliko wote, akanishika bega na kuniambia Mungu ndiye anayejua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Baada ya hapo sikusema naye. Tuliishi ua kwa ua, meza kwa meza, na salamu yake ikawa inaanguka chini hakuna wa kuiokota. Mwishowe alistaafu, akahamia ng'ambo ya mto, na nikashukuru kwamba Lualaba ni pana.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka kadhaa baadaye. Nilivuka na baki kutafuta mawese, na nilipokuwa napita nyuma ya soko akaniita kutoka barazani. Alikuwa amezeeka, miwani minene, abakosti imelegea mabegani. Ningepita. Lakini mtu mzima akikuita mbele za watu hupiti. Nikaketi. Tuliulizana habari za watoto. Akasema Kapinga lazima sasa ni mama. Nikasema ndiyo. Kisha akasogeza kiti chake karibu, kama mtu mwenye zawadi.

"Kabla nitoke biro," alisema, "picha mupya ilifika. Nilitafuta kule kwa yaya yako na lupa, nikatafuta muzuri. Ile doa haiko tena. Pori tu, na bonde." Alipumua, akatabasamu kidogo. "Sasa ramani iko sawa, Mama Kapinga. Fasi yote."

Nilimtazama usoni nione kama ni mzaha, au kama ni wazimu, au hata kama ni namna yake ya kuomba msamaha. Sikuona mojawapo. Alikuwa amefurahi kunifariji.

"Na yaya?" nikamwuliza. "Kwenye hiyo picha mpya. Yaya uliona wapi?"

Alishangaa kidogo. Kisha akanieleza polepole, kwa subira, bila kuchoka, kama alivyokuwa anamweleza binti yangu hesabu. "Watu hawaonekane pale, mama. Picha inapigwa toka mbali sana."

Nikasimama. Nikamwambia mimi sikuwa mbali. Nilimwosha yaya kwa mikono hii, na udongo ulikuwa umemjaa mpaka ndani ya masikio. Haukutoka wote. Tulimzika nao.